Kimeonekana, Mwenyewe Hajulikani

Mwaka 2018 jarida la Astronomy & Astrophysics lilichapisha orodha ya vyanzo 78 vya miale ya gama ya nishati ya juu sana, vyote vikiwa vimeonekana kandokando ya mkanda wa Njia Nyeupe. Orodha hiyo ilitokana na saa karibu 2,700 za kutazama anga kutoka nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, kuanzia 2004 hadi 2013. Kila chanzo kimeelezwa kiko wapi, kina upana gani, kinang'aa kiasi gani, na nishati ya miale yake imegawanyika vipi. Kisha linakuja swali ambalo mtu yeyote angeanza nalo: ni nini hicho? Vyanzo 31 tu ndivyo vilivyopewa jibu la uhakika. Vingine 36 vina jirani wa kushukiwa, wakati mwingine majirani wawili watatu. Vilivyobaki, 11, havina hata wa kushukiwa.

Kwa hesabu hiyo, zaidi ya nusu ya vitu walivyovikuta hawavijui. Walioandika hivyo ni zaidi ya watu 200, wengi wao wenye shahada za juu kabisa, waliotumia miaka kumi na fedha za walipakodi wa nchi kadhaa. Pengo hilo hawakulificha katika tanbihi. Waliliweka kwenye muhtasari, mahali ambapo hata msomaji mvivu atalikuta.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, pengine kuliko linavyostahili, kwa sababu katika maisha yetu ya kila siku sioni watu wengi wanaoweza kusimama mbele ya hadhara wakasema: tumekiona, tuna hakika kipo, tumekipima, na hatujui ni nini. Sisi hupenda vitu vije pamoja na maelezo yake. Soko likiungua usiku, kabla majivu hayajapoa tayari kuna anayesema chanzo ni hitilafu ya umeme, na mwingine anayesema ni mkono wa mtu. Msiba ukitokea, waombolezaji hawajakaa chini vizuri na sababu imeshapatikana. Sauti inarekodiwa, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia adhuhuri imekuwa ukweli wa mji mzima.

Ili kuelewa kwa nini wale wa Namibia wanastahili heshima, lazima tujue kwanza wanachokitafuta ni kigumu kiasi gani.

Mwezi Agosti 1912, mwanafizikia wa Austria, Victor Hess, alipanda puto akiwa na vipimo vyake hadi kimo cha zaidi ya mita 5,000. Wakati huo iliaminika kuwa mnururisho uliokuwa ukipimwa hewani unatoka ardhini, hivyo ulitarajiwa upungue kadiri mtu anavyopanda. Hess akakuta unaongezeka. Kuna kitu kinatoka juu. Ndiyo miale ya kosmiki, ingawa sehemu yake kubwa si miale kamwe bali ni viini vya atomu, hasa protoni, vinavyotupiga usiku na mchana. Kazi hiyo ilimpatia Hess Tuzo ya Nobel mwaka 1936, lakini swali la vinatoka wapi likabaki. Tatizo ni kwamba protoni ina chaji ya umeme, na nguvu za sumaku zilizotapakaa katika galaksi huipindapinda njiani. Inapotufikia, uelekeo wake hautuambii chochote kuhusu kwao.

Miale ya gama haina chaji, kwa hiyo inakuja moja kwa moja. Mahali penye mtambo wa asili unaozipa protoni au elektroni kasi kubwa namna hiyo, lazima patatoka na miale ya gama. Chembe moja ya nuru hii hubeba nishati karibu mara trilioni moja ya ile ya chembe ya nuru inayokuwezesha kusoma ukurasa huu. Kwa hiyo ukitaka kujua wapi vinatengenezwa vitu alivyovikuta Hess, fuata gama.

Shida ni kwamba gama haifiki ardhini. Hewa inaizuia, na tushukuru kwa hilo. Inapoingia angani hugonga kiini cha atomu ya hewa kwenye kimo cha kilomita ishirini hivi, ikageuka kuwa elektroni na pacha wake mwenye chaji chanya. Hao nao huzaa gama nyingine, nazo huzaa elektroni nyingine, mpaka yanatokea manyunyu ya chembe maelfu kwa maelfu yakishuka kwa kasi kuliko nuru inavyoweza kusafiri ndani ya hewa. Kitu kinachoishinda nuru ndani ya hewa au maji huacha mng'ao wa kibuluu. Pavel Cherenkov aliuchunguza mng'ao huo mwaka 1934 huko Urusi, na mwaka 1958 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili walioueleza. Mng'ao wa manyunyu ya gama moja hutua ardhini kama duara lenye upana wa mita 250 hivi, na hudumu kwa sehemu chache tu za bilioni ya sekunde. Wa kwanza kuunasa mng'ao wa Cherenkov angani, William Galbraith na John Jelley, walifanya hivyo mwaka 1952 huko Harwell, Uingereza, wakitumia kioo cha sentimita 25 kilichowekwa ndani ya pipa la taka. Sayansi yote hii ya mabilioni ilianzia ndani ya pipa la taka, na mimi napenda kulikumbuka pipa hilo kila nikisikia mtu akilalamika kuwa hana vifaa.

Mtambo wa Namibia unaitwa H.E.S.S., kwa heshima ya yule wa puto. Uko kiasi cha kilomita 100 kutoka Windhoek, karibu na mlima Gamsberg, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Darubini nne za kwanza zimesimama kwenye pembe za mraba wenye upande wa mita 120, na kila moja ina vioo 382 vya mviringo, kila kioo kikiwa na upana wa sentimita 60. Mbele ya vioo hivyo imening'inizwa kamera yenye macho 960, inayoweza kupiga picha kwa sehemu 16 za bilioni ya sekunde. Mchana darubini huinamishwa na kamera huingizwa kwenye kibanda chake. Usiku, mwezi ukishazama, hutolewa, na kazi huendelea mpaka alfajiri ikaribie. Ukitoa usiku wa mbalamwezi na usiku wa mawingu, mwaka mzima unabaki na takriban saa 1,000 za kazi. Mwaka 2012 iliongezwa darubini ya tano katikati, yenye upana wa mita 28. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu ya giza lake na ukavu wa hewa yake, na pia kwa sababu kitovu cha Njia Nyeupe hupita karibu na utosi. Ulaya hakionekani vizuri hivyo. Hapa Afrika tulikuwa na anga waliyoihitaji.

Kwa kila gama moja inayoingia, kuna maelfu ya protoni zinazotengeneza manyunyu yao wenyewe na kuwasha kamera zilezile. Michael Hillas wa Leeds alionyesha mwaka 1985 jinsi ya kuzitenganisha: picha ya gama huwa duaradufu jembamba lililonyooka, ya protoni hutapakaa ovyo. Hata hivyo zipo protoni zinazojifanya gama. Ndiyo maana darubini hizi hazielekezwi sawasawa kwenye kitu kinachotazamwa. Huelekezwa kando yake kidogo, kwa nusu nyuzi hivi, ili katika picha ileile kuwe na kitu na kuwe pia na vipande vya anga tupu vilivyo umbali uleule kutoka katikati. Huhesabiwa gama za mahali pa kitu, zikahesabiwa za mahali patupu, kisha hizi zikatolewa katika zile. Muuza mafuta mwaminifu hupima chupa tupu kwanza. Anachokuuzia ni tofauti. Na tofauti hiyo, ili ikubaliwe, lazima iwe kubwa kiasi kwamba bahati tupu ingeitoa mara moja tu katika majaribio zaidi ya milioni tatu.

Ukali huu haukutoka mbinguni. Ulitokana na aibu. Mwaka 1983 wanafizikia wa Kiel, Ujerumani, walitangaza kwamba wameona gama za nishati kubwa mno kutoka Cygnus X-3, nyota mbili zinazozungukana katika kundinyota la Dajaja kwa muda wa saa 4.8. Habari ilienea kama moto wa nyika. Vikundi vingine navyo vikaanza kuona. Wananadharia wakaandika makala kueleza kitu hicho kinavyofanya kazi, na zikajengwa mashine mpya kwa ajili yake. Mojawapo, CASA-MIA, ilitandaza vipimo zaidi ya elfu moja katika jangwa la Utah. Ilitazama kwa miaka, na ishara iliyotangazwa haikuonekana. Cygnus X-3 yenyewe ipo, na ni nyota ya ajabu kweli, pengine ina mengi ambayo bado haijatuonyesha. Lakini katika miaka ile watu walitangulia kujua kabla ya kuona.

Wakati huohuo huko Arizona, Trevor Weekes, mtu wa Ireland, alikuwa na darubini ya mita kumi iliyojengwa mwaka 1968 ambayo kwa miaka mingi haikuwa na chanzo hata kimoja cha kujivunia. Yeye na wenzake waliibadilisha kamera, wakaiongezea macho, wakatumia njia ya Hillas, na mwaka 1989 wakachapisha ugunduzi wa gama kutoka Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiona ikilipuka mwaka 1054. Kuanzia kujengwa kwa darubini hadi chanzo cha kwanza cha uhakika ilipita miaka 21. Sijui ni mfadhili gani wa leo angevumilia. Najua tu kwamba ugunduzi ule umesimama mpaka leo, na Kaa ndiyo mizani ambayo darubini zote za aina hii hujipimia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye vyanzo visivyojulikana, na historia ina utani wake. Cha kwanza kati yao kilipatikana palepale Dajaja, nusu nyuzi tu kutoka Cygnus X-3. Darubini za HEGRA katika kisiwa cha La Palma, zikitazama eneo hilo kati ya 1999 na 2001, zilikuta gama zinatoka mahali ambapo hakuna aliyezitarajia. Makala ilitoka mwaka 2002. Wangeweza kabisa kusema: tumelipata jibu la Cygnus X-3. Palikuwa karibu, na jina lilikuwa kubwa. Wakasema hapana, si pale, ni kando yake, na pale kando hatuoni kitu kinachofaa. Wakakipa jina la TeV J2032+4130, ambalo ni anwani tu: mahali pake kwenye ramani ya anga, basi.

Miaka saba baadaye satelaiti ya Fermi ilisikia mdundo kutoka upande huo. Ni pulsa, yaani kiini cha nyota kubwa iliyolipuka, chenye uzito wa kuzidi jua kikiwa kimefinywa ndani ya tufe la upana wa kilomita 20 hivi. Pulsa ile ilidhaniwa kuwa peke yake. Wanaredio wakaendelea kuhesabu midundo yake, wakaona inabadilika kwa namna ambayo pulsa ya upweke haibadiliki, na mwaka 2015 ikaeleweka kwamba inaizunguka nyota kubwa nyeupe, kwa mzunguko mrefu sana ambao sasa unakadiriwa kuwa wa miaka 50 hivi. Mwezi Novemba 2017 ndipo zilipokaribiana. Darubini nyingine za gama, VERITAS na MAGIC, zilikuwa tayari zinatazama, na mwanga wa gama ulipanda. Wengi wa waliokuwapo mwaka huo hawatarajii kuwa kazini zitakapokaribiana tena. Ukisoma makala ya 2002 leo hukuti neno la kuwaaibisha, kwa kuwa walisimama pale ushahidi ulipokomea.

Kisa cha pili unaweza kukitazama mwenyewe, au walau mahali pake. Miezi ya Aprili na Mei, saa tatu au nne za usiku, kundinyota la Salibu huwa limesimama vizuri upande wa kusini hata ukiwa Dar es Salaam au Mombasa. Chukua nyota yake iliyo chini kabisa, iliyo ng'avu kuliko zote. Nyoosha mkono, pima vidole viwili au vitatu kuelekea mashariki, upande wako wa kushoto. Hapo macho yako hayataona cha ajabu. Mwaka 2004 H.E.S.S. ilikuwa ikitazama jirani wa mahali hapo, pulsa inayoikaribia nyota mwenzake kila baada ya miaka 3.4 hivi. Katika picha zilezile, kando kidogo, umbali unaozidi kidogo upana wa mwezi mpevu, kukatokea doa lingine ambalo hakuna aliyelitafuta. Likaitwa HESS J1303-631.

Kilichonivutia hapa ni kwamba mshukiwa alikuwapo tangu mwanzo. Kulikuwa na pulsa katika eneo lilelile, PSR J1301-6305, inayojizungusha zaidi ya mara tano kwa sekunde, na wanaredio walikwisha kuiweka kwenye orodha zao. Ilikuwa na nguvu za kutosha. Mahakama ya barazani ingemhukumu siku hiyohiyo. Lakini doa la gama lilikuwa pana, pulsa haikuwa katikati yake, na darubini hizi haziwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Ndani ya nafasi hiyo, ukiangalia kando ya Njia Nyeupe, unaangalia vitu vya karibu, vya mbali na vya mbali zaidi vikiwa vimepangana mbele na nyuma, na gama haisemi imetoka umbali gani. Kwa hiyo mwaka 2005 wakachapisha doa bila jina la mwenyewe. Wakaendelea kukusanya. Mwaka 2012, wakiwa na gama za kutosha kuzigawa kwa nishati, wakaona jambo: ukibakiza zile zenye nishati kubwa tu, doa linanywea na kusogea kuelekea kwenye pulsa. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa. Elektroni zenye nguvu nyingi hupoteza nguvu upesi, hazifiki mbali na zilikotoka. Zilizochoka ndizo zilizotapakaa. Mshukiwa wa kwanza kumbe ndiye.

Mtu atauliza: sasa walipata faida gani kusubiri miaka saba kusema kile ambacho wangekisema mwaka wa kwanza? Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba mwaka wa kwanza wangekuwa wamebahatisha. Aliyepatia kwa kubahatisha na aliyekosea kwa kubahatisha wametumia njia moja. Tena kuna vyanzo vingine ambavyo mshukiwa wa kwanza alitupwa, na huko nyuma hakuna aliyeweza kujua ni vyanzo vipi.

Kisa cha tatu ni kifupi ila ndicho nikipendacho zaidi. Mwaka 2007 H.E.S.S. ilitangaza chanzo kingine, HESS J0632+057, nukta ndogo katika kundinyota la Munukero. Wenzao wa VERITAS kule Arizona wakaelekeza darubini zao hapo. Wakatazama, wakatazama tena. Hawakuona kitu, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba hawakuona. Kwa kawaida yetu hapo ndipo ugomvi unapoanza: mmoja mwongo, mwingine hajui kazi. Lakini hakuna aliyefuta maneno yake, wala hakuna aliyemshambulia mwenzake. Satelaiti ya Swift ikapewa kazi ya kufuatilia eksirei za mahali pale, na mwaka 2011 ikajulikana kuwa zinapanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 320 hivi. Ni nyota nyingine mbili zinazozungukana. Kuna miezi kinawaka na kuna miezi kinafifia. VERITAS wenyewe wakaja kukiona, na MAGIC pia. Kutoona kwa VERITAS ndiko kulikokuwa dalili ya kwanza kwamba kitu hicho hubadilika. Wangeona haya kuchapisha patupu yao, dalili ile ingepotea.

Sitaki kuwafanya watakatifu. Wana wivu kama watu wote, wanagombea saa za darubini, na wanajua kabisa kuwa ugunduzi wenye jina unaleta fedha kuliko doa lisilo na jina. Isitoshe wana anasa ambayo wengi wetu hatuna: gama ya Dajaja haimuui mtu. Daktari wa zamu hawezi kumwambia mama mwenye mtoto wa degedege arudi baada ya miaka 15. Hakimu naye lazima ahukumu. Lakini hata hao wana nafasi zao za kuacha wazi, wakizitaka. Daktari mzuri huanza dawa huku akiandika kwenye kadi kwamba anashuku tu, ili wa zamu ijayo asidhani jambo limekwisha. Hakimu hulazimika kumwachia mtuhumiwa ambaye moyoni anamshuku, kwa sababu ushahidi haukutosha. Kutenda upesi hakumlazimishi mtu kusema anajua.

Wala si jambo geni kwetu. Waliosoma madrasa katika mwambao huu wamesikia inavyosimuliwa kuhusu Imamu Malik wa Madina: aliulizwa maswali 48, na katika 32 kati yake akajibu kwamba hajui. Msimuliaji hakuitaja habari hiyo kwa kumdharau. Aliitaja kama sehemu ya utukufu wake. Na mashekhe wetu wa zamani, hata baada ya kutoa fatwa ndefu yenye hoja zote, walimalizia kwa kusema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Siku hizi maneno hayo mara nyingi hutamkwa kama salamu, baada ya mtu kuzungumza kwa saa nzima bila kuonyesha shaka yoyote.

Lakini kutojua kwa Imamu Malik, kama kwa wale wa Khomas, si kule kwa mwanafunzi aliyefunga daftari. Chanzo kisichojulikana katika orodha ya 2018 kina vipimo vyake vyote. Yeyote mwenye darubini bora anaweza kurudi mahali palepale akaanzia walipoishia. Hicho ndicho ninachokikosa katika mazungumzo yetu ya hadhara: tuna wengi wanaosema wanajua, na tuna wengi wanaosema hawajui wakiwa hawajatazama. Ripoti ya ajali yenye kurasa kumi za vipimo na mistari miwili inayosema kwamba chanzo hakijathibitishwa ingenifaa mimi kama mwananchi kuliko ukurasa mmoja wenye jibu. Nasikitika kwamba afisa atakayeiandika ripoti hiyo huenda akaitwa mzembe.

Kazi yenyewe inaendelea, na orodha zinaongezeka upesi kuliko majibu. Mwaka 2021 mtambo wa LHAASO, uliojengwa kwenye kimo cha mita 4,410 katika milima ya Sichuan nchini China, ulitoa vyanzo 12 vyenye gama za nishati kubwa zaidi kuliko zile za H.E.S.S.; chembe moja ilivunja rekodi zote. Ilitoka upande wa Dajaja, kwa mara nyingine. Magazeti mengi yaliandika kwamba fumbo la miale ya kosmiki limeteguliwa. Katika makala yenyewe, kati ya vyanzo vile 12, ni Nebula ya Kaa peke yake iliyotajwa kwa uhakika. Mtambo mkubwa kuliko yote, CTAO, unajengwa sasa La Palma na katika jangwa la Chile, nao utakapoanza kazi kamili kichwa cha habari cha namna ile kitarudi. Ukikutana nacho, usikomee kichwani. Shuka mpaka wanapotaja kitu chenyewe, uangalie kama wameandika neno "huenda". Likiwapo, endelea kusoma kwa imani. Lisipokuwapo, ngoja watazamaji wa mtambo mwingine waseme walichokiona.